Daftari Kando ya Kitanda cha Mzazi

Ndugu zangu mnaouguza, na ninyi ambao wazazi wenu bado ni wazima lakini mmeona heri kusikiliza mapema, asanteni kwa kufika.

Leo tunazungumza juu ya mzazi aliyelazwa kwa sababu mdundo wa moyo wake umevurugika. Ugonjwa huu una tabia yake: huja, ukaondoka. Mguu uliovunjika, daktari hata akija kesho ataukuta umevunjika. Moyo unaweza kwenda mbio mapigo 180 kwa dakika saa 8 usiku, na saa 3 asubuhi madaktari wanapopita ukawa unapiga 76, umetulia kabisa. Nani aliyeuona ukienda mbio? Wauguzi wamebadilishana zamu. Daktari wa usiku ameshaondoka. Mgonjwa mwenyewe alikuwa na hofu, au alizimia, na hakumbuki. Mara nyingi shahidi pekee ni yule mtoto aliyeketi kwenye kiti kando ya kitanda. Ndiyo maana kitu cha kwanza ninachowaomba mkipeleke wodini, kabla ya chupa ya chai na shuka la ziada, ni daftari na kalamu.

Tuanze na moyo wenyewe, kwa ufupi. Moyo una umeme wake. Katika chumba cha juu cha kulia kuna kifundo kidogo cha seli kinachotoa mshtuko mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu mzima anapokuwa ametulia. Mshtuko husambaa vyumba vya juu, hupita kwenye lango moja katikati ya moyo ambako hucheleweshwa kidogo, kisha huteremka kwenye vyumba vya chini vinavyosukuma damu mwilini. Karibu kila jina mtakalolisikia wodini ni hitilafu ya njia hiyo. Ama kifundo kimechoka, ama lango limeziba, ama umeme umepata njia ya mkato na unazunguka humo bila kutoka, ama vyumba vya juu vimeacha kupiga na vinatetema tu ovyo. Hilo la mwisho huandikwa AF kwenye faili, na miongoni mwa wazee ndilo linaloonekana zaidi, kwa hiyo nitalirudia mara kwa mara.

Sasa daftari. Ukurasa wa kwanza ni wa tukio lenyewe, na hapo wengi hukosea kwa kuandika maneno mapana: "Mama alisumbuliwa na moyo usiku." Sentensi hiyo haimsaidii daktari. Andika hivi: "Jumanne, saa 9.20 usiku. Alikuwa ameinuka kwenda msalani. Akasema moyo unarukaruka. Mapigo 140, hayana mpangilio. Jasho jingi, kifua hakiumi. Hakuzimia. Yametulia saa 10.05." Mistari hiyo michache ina kila kitu: saa ya kuanza na ya kuisha, alichokuwa akifanya, idadi, mpangilio, na dalili zilizokuwepo na zisizokuwepo. Kama alizimia, andika yaliyotangulia. Mtu aliyesikia kichefuchefu, joto na giza machoni baada ya kusimama muda mrefu, kisha akaanguka, ni tofauti sana na mtu aliyekuwa ameketi akizungumza akakatika ghafla bila onyo lolote. Huyu wa pili humtia daktari wasiwasi mkubwa zaidi, kwa sababu moyo huenda ulisimama kidogo au ulikimbia kupita kiasi.

Kuhesabu mapigo kuna namna yake. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Usitumie kidole gumba chako, kwa kuwa kina mapigo yake na utajihesabu mwenyewe. Hesabu dakika nzima. Ile desturi ya kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha mara 4 inafaa kwa moyo wenye mpangilio; kwa moyo uliovurugika inadanganya. Na kwa mwenye AF msishangae mkihesabu 96 mkononi huku skrini ya monita inaonyesha 120. Baadhi ya mapigo huwa hafifu mno, hayafiki mkononi. Andika namba zote mbili.

Ukurasa wa pili ni dawa. Hapa ninaomba uaminifu kamili. Kusanya kila anachotumia mzee, kiingie kwenye mfuko mmoja, kifike hospitali kikiwa kwenye pakiti zake: vidonge, sindano, dawa za mafua, dawa za asili, na hata matone ya macho. Ndiyo, ya macho. Matone ya timololi anayopewa mwenye presha ya macho huingia kwenye damu na yanaweza kuufanya moyo upige polepole mno, na ni rahisi kusahauliwa kwa sababu watu hawayahesabu kuwa dawa. Dawa nyingi za kukojoza huondoa potasiamu na magnesiamu, na madini hayo yakipungua umeme wa moyo huyumba. Baadhi ya dawa za kufungua pua huongeza kasi ya moyo. Baadhi ya antibayotiki, baadhi ya dawa za fangasi, na kwinini pia, huchelewesha moyo kujiandaa kwa pigo linalofuata, na hilo kwa mtu aliye tayari kwenye hatari linaweza kuleta mdundo wa kuua. Kuhusu dawa za asili na pombe, wazee wengi huona haya kusema mbele ya daktari kijana au mbele ya wakwe. Mwulize mzazi faraghani, kwa adabu, bila kumlaumu: "Baba, kuna kitu kingine ulichokuwa unakunywa? Daktari anataka tu kujua kisigombane na dawa zake." Mwulize pia kama alitapika au kuhara siku zilizotangulia. Mara nyingine chanzo chote kiko hapo.

Nakuja kwenye jambo ambalo, kama mtasahau mengine yote, hili mlishike: nakala ya ECG. Kile kipimo cha umeme wa moyo cha kubandikwa vibandiko kifuani, mikononi na miguuni hunasa sekunde kama 10 tu za maisha ya moyo. Kikichukuliwa wakati moyo umetulia, kinaweza kuonekana safi kabisa na mtu akaambiwa hana tatizo. Kipimo kilichochukuliwa wakati mdundo umevurugika ni ushahidi ambao pengine hautapatikana tena kwa miezi. Kwa hiyo, dalili zikianza wodini usingoje zipite ndipo useme. Mwite muuguzi papo hapo, mwambie: "Imeanza sasa hivi, naomba apimwe ECG wakati bado inaendelea." Baadaye omba nakala. Karatasi nyingi za mashine hizo huandikwa kwa joto na hufifia zikikaa kwenye jua, joto au mfuko wa plastiki, hivyo ipige picha na utoe fotokopi siku ileile. Andika nyuma yake tarehe, saa, na jinsi mgonjwa alivyojisikia. Daktari wa moyo atakayemwona mwaka ujao, pengine katika hospitali nyingine, atakushukuru kwa karatasi hiyo kuliko kwa maelezo ya saa nzima.

Kuna monita pia, ile skrini yenye mistari na milio. Najua inavyowanyima watu usingizi. Mlio wake haumaanishi kila mara kwamba moyo una tatizo. Mgonjwa akipiga mswaki, akitetemeka kwa baridi, au kibandiko kikikauka na kuachia ngozi, mstari hucheza na mashine hulia. Kwa hiyo mtazame mzazi kwanza, skrini baadaye. Kama anaongea, rangi yake ni ya kawaida na anapumua vizuri, mwite muuguzi kwa utulivu. Usiuzime mlio mwenyewe, na usichomoe nyaya ili apumzike vizuri. Lakini kama haitiki na hapumui, au anavuta pumzi mojamoja kwa kukoroma, hiyo si usingizi. Piga kelele ya msaada na uanze kumkandamiza katikati ya kifua, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiacha kifua kiinuke kila mara, mpaka wahudumu wachukue nafasi yako. Mbavu inaweza kuvunjika. Endelea.

Madaktari wanapopita, familia ichague msemaji mmoja. Watoto watano wakiuliza mambo matano kwa wakati mmoja, daktari hujibu la mwisho na kuondoka. Na msemaji huyo asiongee juu ya kichwa cha mgonjwa. Mzazi akiwa na akili timamu, yeye ndiye anayeulizwa na yeye ndiye anayekubali au kukataa matibabu. Maswali yaandikwe usiku uliotangulia. Tatizo linaitwaje, na naomba uniandikie jina lake hapa? Limechochewa na nini: maambukizi, tezi ya shingo, upungufu wa potasiamu, mshtuko wa moyo, operesheni? Mpango ni kupunguza kasi tu, au kurudisha mdundo wa kawaida? Je, yuko kwenye hatari ya damu kuganda? Lile la tatu huwashangaza wengi, lakini kwa AF njia zote mbili ni matibabu halali. Kwa wazee wengi inatosha kupunguza kasi na kuuacha mdundo ulivyo, na mtu akaishi vizuri miaka mingi. Mkiambiwa hivyo, msidhani mzazi ametelekezwa.

Hilo la nne, la damu kuganda, lina uzito wa peke yake. Vyumba vya juu vinapotetema badala ya kupiga, damu hutuama, hasa katika kijimfuko kidogo kilicho kwenye chumba cha juu cha kushoto. Damu iliyotuama huganda. Bonge likichomoka huenda na mkondo mpaka kwenye ubongo, na hapo ndipo kiharusi. AF huongeza hatari ya kiharusi kama mara 5, na hatari hiyo hupanda kwa mwenye umri zaidi ya miaka 65, mwenye shinikizo la damu, kisukari, moyo dhaifu au aliyewahi kupata kiharusi. Watu huziita dawa zake "za kuyeyusha damu", na jina hilo linaleta hofu ya bure. Haziyeyushi kitu, zinazuia damu isigande upesi. Wala aspirini haichukui nafasi yake kwa ugonjwa huu.

Akipewa warfarini, ya zamani kati ya dawa hizo, kuna kipimo cha damu kiitwacho INR ambacho kwa kawaida hutakiwa kubaki kati ya 2 na 3. Chini ya hapo kinga ni ndogo, juu yake hatari ya kutoka damu inakua. Mboga za majani hazikatazwi; kinachotakiwa ni kiasi kisichobadilika sana wiki hadi wiki, kwa kuwa vitamini K iliyomo hupingana na dawa. Dawa mpya zaidi hazihitaji INR, lakini hazisamehi uzembe, kwa sababu kinga yake huisha ndani ya siku moja au hata kabla. Apiksabani hunywewa asubuhi na jioni. Rivaroksabani ya mgonjwa wa AF hunywewa pamoja na chakula, la sivyo mwili hauichukui vizuri. Kapsuli ya dabigatrani haifunguliwi wala kutafunwa. Zote hutegemea figo kwa viwango tofauti, hivyo uliza kipimo cha figo kilisomaje na ukiandike. Mwenye vali ya chuma kwenye moyo hazimfai hizi mpya. Yeye hubaki na warfarini. Dozi ikisahaulika, kamwe asinyweshwe mbili kwa pamoja ili kufidia. Mwulize mfamasia kabla hamjatoka hospitali: akisahau, hadi saa ngapi bado anaweza kuinywa? Na mgongo ukimuuma, ibuprofeni na diklofenaki zikae mbali, maana pamoja na dawa hizi huleta kutoka damu tumboni. Kinyesi cheusi kama lami, au kujigonga kichwa hata kama anaonekana mzima, ni safari ya hospitali saa hiyohiyo.

Wengine mtaambiwa kwamba mzazi atashtuliwa kwa umeme ili mdundo urudi. Neno hilo linatisha. Kinachofanyika ni hiki: hulazwa usingizi kwa dawa kwa dakika chache, hushtuliwa mara moja au zaidi, huamka bila kukumbuka, pengine ngozi ya kifua ikiwa nyekundu kidogo. Kwa kawaida hukaa angalau saa 6 bila chakula na saa 2 bila maji, ila mfuate alivyoagizwa yeye. Hatari kubwa haiko kwenye umeme, iko kwenye bonge la damu lililojificha. Mdundo ukirudi ghafla, bonge hilo husukumwa nje. Ndiyo maana, kama AF imedumu saa 48 au zaidi, au haijulikani ilianza lini, hutakiwa awe amekunywa dawa ya kuzuia kuganda kwa wiki 3 bila kukosa, au atazamwe moyo kwa kipimo kinachopitishwa kooni, na baada ya kushtuliwa aendelee na dawa angalau wiki 4. Mnaona sasa kwa nini nimewaambia muandike saa ya kuanza. Na kama katika wiki hizo 3 alikosa dozi hata moja, semeni. Familia huficha kwa kuogopa kuahirishwa. Kuahirishwa ni wiki kadhaa tu. Kiharusi ni maisha yaliyobaki.

Kwa moyo unaopiga polepole mno kwa sababu lango limeziba, dawa nyingi hazisaidii na huwekwa kifaa chini ya ngozi ya kifua, kile ambacho wengi hukiita betri ya moyo. Mzee akiogopa, mwambieni habari za Arne Larsson, mtu wa kwanza kuwekewa kifaa kilichozikwa mwilini, Stockholm, mwaka 1958. Cha kwanza kiliharibika ndani ya saa chache, akabadilishiwa vingi baada yake, na alifariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86. Vya leo hudumu miaka kadhaa bila kuguswa. Kwa wiki 4 hadi 6 za mwanzo asiinue kiwiko cha upande huo kupita bega wala kubeba mizigo, kwa kuwa nyaya bado hazijashika. Lakini msimfunge mkono kabisa, bega litakakamaa. Simu ikae sentimita 15 au zaidi kutoka kwenye kifaa, isiwekwe mfuko wa shati. Kidonda kikivimba, kikiwa chekundu au kikitoa maji, msikikamue wala kukipaka kitu, kirudishwe hospitali.

Usiku una shida yake nyingine. Mzee aliyekuwa timamu jana anaweza kuanza kuweweseka, kuita watu waliokufa, kung'oa kanula, ule mrija wa dawa ulio mshipani. Wengi husema "ni uzee". Si uzee, kuchanganyikiwa kwa ghafla ni dalili, na wewe unayemjua ndiye unayeweza kumwambia muuguzi: "Hii si kawaida yake, imeanza leo jioni." Huenda ni maambukizi, mkojo uliozuilika, dawa mpya, au upungufu wa maji. Mletee miwani yake na kifaa chake cha kusikilizia. Mwambie siku na mahali alipo bila kubishana naye. Mchana aketi kwenye kiti penye mwanga, usiku taa zipunguzwe. Akitaka kuinuka, aketi kwanza ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, maana dawa nyingi za kupunguza kasi ya moyo hushusha pia shinikizo, na wengi huanguka katika hatua tatu za kwanza. Ndugu wapeane zamu, na daftari libaki palepale kitandani, lisiende nyumbani na mtu.

Siku ya kuruhusiwa ndiyo yenye makosa mengi, kwa sababu kila mtu ana haraka. Fungua ukurasa mpya, uugawe mara tatu: dawa zinazoendelea, zilizoachishwa, zilizoongezwa. Linganisha na ule mfuko wa nyumbani. Kosa la mara kwa mara ni mzee kurudi kunywa dawa ya zamani pamoja na mpya, zote zikiwa kitu kimoja chenye majina mawili ya kibiashara, na moyo ukashuka hadi mapigo 38. Kama amepewa amiodaroni, dawa ya kurekebisha mdundo, jueni hukaa mwilini kwa miezi hata baada ya kuachwa, huongeza nguvu ya warfarini na ya digoksini (dawa ya kupunguza kasi ya moyo), na huhitaji damu ya tezi na ini kupimwa takriban kila miezi 6. Anayetumia digoksini akianza kukataa chakula, kutapika, au kuona vitu vina rangi ya njano, msingoje tarehe ya kliniki. Na kama moyo wake pia ni dhaifu, apimwe uzito kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya kula. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3, hayo ni maji, si kunenepa.

Daftari likifika nyumbani lipewe mahali pake pamoja na nakala ya ECG na orodha ya dawa, na kila aliye ndani ya nyumba apajue, mpaka msaidizi wa kazi na mjukuu. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, mtu wa kwanza aite gari la wagonjwa na wa pili alichukue daftari, aandike mambo mawili: saa ya mwisho mzee alipoonekana mzima, na saa aliyokunywa dozi ya mwisho ya dawa ya kuzuia damu kuganda. Dawa ya kuyeyusha bonge la kiharusi kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza, na daktari wa zamu hataweza kuamua kama aitoe bila kujua saa hizo mbili.